Mkongojo, jeli, soksi ya goti na kiti cha choo: kipi kinamrudishia shughuli zake mwenye goti lililosagika?

Goti likianza kusagika, mtu haendi dukani siku ya kwanza. Huanza kwa kukwepa. Ngazi anazipanda ameshika ukuta, kwenye kigoda anaomba mkono wa mjukuu ili ainuke, sokoni anapunguza mzigo, na choo cha kuchuchumaa anakiendea kwa hesabu. Siku akifika duka la vifaa tiba huulizwa linauma wapi, akaonyesha kwa kidole, akauziwa soksi ya goti. Lilipaswa kuulizwa tendo gani limemshinda. Kila kifaa tunachokizungumzia hapa kinasaidia tendo moja au mawili, na hakuna hata kimoja kinachorudisha gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti, iliyokwisha lika.

Watafiti wa ugonjwa huu walikwisha kuligundua hilo. Dodoso la WOMAC, lililotoka vyuo vikuu viwili vya Kanada na sasa linatumika duniani kote, lina maswali 24. Matano ni ya maumivu, mawili ya ukakamavu, na 17 yaliyobaki ni ya shughuli tupu: kushuka ngazi, kupanda, kuinuka kitini, kuinama, kuvaa soksi, kuingia garini, kukaa chooni na kunyanyuka. Lakini kuchuchumaa hakumo. Kukaa mkekani hakumo, wala kupiga magoti. Na huko ndiko goti la mtu wa kwetu linakoshindwa mapema kuliko kwingine kote.

Sababu ni nyuzi za mkunjo. Kutembea tambarare kunataka goti likunjike nyuzi 60 hadi 70 hivi. Ngazi, na kuinuka kwenye kiti cha kawaida, kunataka 90 na zaidi kidogo. Kuchuchumaa hadi chini ni 130 kwenda juu, na kukalia visigino kwenye tahiyatu kunakaribia 150. Goti lililosagika hupoteza nyuzi za mwisho kwanza, ndiyo maana mtu anaweza kwenda sokoni na kurudi vizuri, kisha akakwama chooni. Halafu kuna mzigo. Vipimo vilivyochukuliwa ndani ya magoti ya bandia yenye vihisio vilionyesha kuwa kila hatua ya kutembea huliwekea goti takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, kupanda ngazi zaidi ya mara tatu, na kushuka karibu mara tatu na nusu. Kwa mtu wa kilo 80, kila kidato anachoshuka ni kama kilo 280 juu ya goti moja. Anayesema “kupanda naweza, kushuka ndiko kunaniua” anasema kweli tupu.

Sasa tuviangalie vitu vyenyewe.

Mkongojo

Kwa shilingi inayotoka mfukoni, hakuna kinachoushinda. Mwongozo wa chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo cha Marekani wa mwaka 2019 umeupa mkongojo pendekezo la nguvu kwa goti lililosagika kiasi cha kumharibia mtu mwendo au uthabiti. Bado ndicho kifaa kinachokataliwa kuliko vyote, kwa sababu wengi wanauona kama tangazo la uzee. Na wanaokubali, wengi wao huushika vibaya.

Mkongojo unashikwa kwa mkono wa upande wa pili wa goti bovu. Goti la kulia likiuma, mkongojo uko mkono wa kushoto. Mtu anapotembea, mkono wa kushoto huenda mbele pamoja na mguu wa kulia. Kwa hiyo fimbo hugusa chini wakati uleule mguu mgonjwa unapogusa, ikabeba sehemu ya uzito, na mwili ukabaki wima. Ukiushika upande uleule wa goti bovu, unaegemeza kiwiliwili juu ya goti hilohilo ulilotaka kulipumzisha. Magoti yote mawili yakiwa mabovu, fuata lile baya zaidi. Kama yanalingana kwa ubaya, mikongojo miwili au kigari cha kutembelea ni bora kuliko kubadilisha mkono kila dakika.

Urefu ndio unaokosewa zaidi baada ya hapo. Vaa viatu vyako vya kila siku, simama wima, acha mikono ining'inie. Juu ya kishikio paje sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono. Ukiushika, kiwiko kikunjike kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Ukiwa mrefu, bega linapanda na baada ya wiki utalalamikia shingo. Ukiwa mfupi, unainama upande na mgongo unalipa. Anayenunua bila mwenyewe kuwepo dukani anabahatisha, isipokuwa akiwa na kipimo hicho kwenye karatasi.

Ile ya alumini yenye matundu ya kurekebishia ndiyo ya kununua kwanza. Matundu huachana kiasi cha sentimita mbili na nusu, kwa hiyo kipimo sahihi hupatikana kwa wengi. Kabla ya kulipa, angalia kitufe kimechomoza chote nje ya tundu, si nusu, kisha kaza pete iliyo juu yake. Pete isipokazwa fimbo hugonga-gonga kila hatua na mtu hupoteza imani nayo. Kishikio kilicho bapa, cha umbo la T, kinautandaza uzito kwenye kiganja kizima. Kishikio cha kupinda, kama cha bakora, kinaukusanya sehemu moja, na mwenye vidole vinavyouma ataona tofauti siku ya kwanza.

Bakora ya mpingo ni jambo jingine. Ina heshima yake, na mzee aliyekataa alumini huenda akaikubali bakora, hilo peke yake ni sababu ya kuinunua. Lakini mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, urefu haubadiliki, na ncha yake tupu huteleza kwenye vigae kama sabuni. Mpelekee fundi auvishe mpira chini. Kama unahitaji kukatwa, upimwe ukiwa na mpira wake tayari, maana mpira unaongeza urefu na mbao iliyokatwa haiungwi tena.

Mpira wenyewe ndio sehemu inayookoa mifupa. Saizi zinazokutwa sana ni za kipenyo cha milimita 19 na 22 kwa ndani. Nenda na fimbo dukani, ujaribishe hapohapo. Mpira uingie kwa kulazimishwa, usiingie kwa urahisi. Geuza fimbo uuangalie kila mwezi. Mistari ya chini ikiwa imelika, au upande mmoja umekwisha, au umesikia chuma kikigonga sakafu, badilisha siku hiyo. Kwa anayeishi kwenye njia za mchanga, kama vijiji vingi vya pwani, atafute mpira wenye kitako kipana, kwa sababu mwembamba unazama na kumvuta mtu mbele.

Fimbo ya miguu minne huuzwa kama daraja la juu zaidi. Siyo. Imekusudiwa mtu anayeyumba, kwa mfano baada ya kiharusi. Kwa mwenye goti tu, anayetembea kwa mwendo wa kawaida, miguu ile haitui chini kwa pamoja na fimbo inatikisika. Kwenye kidato chembamba cha ngazi haitoshi.

Ngazini, mguu mzima hupanda kwanza, mgonjwa na mkongojo hufuata. Kushuka ni kinyume: mkongojo na mguu mgonjwa hutangulia. Kukiwa na kishikio cha ukutani kishike, mkongojo uwe mkono wa pili.

Jeli ya diklofenaki

Goti liko karibu na ngozi, na ndiyo maana dawa ya kupaka inafika. Miongozo mikubwa, ukiwemo ule wa Uingereza wa mwaka 2022, inataka dawa ya kupaka ya jamii ya diklofenaki, yaani za kutuliza maumivu na uvimbe, ijaribiwe kabla ya vidonge, kwa kuwa kiasi kidogo tu huingia kwenye damu, na tumbo na figo hupumua.

Malalamiko ya kwamba “nimepaka, haikusaidia” mara nyingi yana jibu la hesabu. Kwa jeli ya asilimia 1, maelekezo ya Marekani kwa goti moja ni gramu 4, mara 4 kwa siku, yaani gramu 16. Tyubu ya gramu 30 haimalizi siku mbili. Maelekezo ya Uingereza yanaruhusu gramu 2 hadi 4, mara 3 au 4, na hata kwa kiwango cha chini kabisa tyubu hiyo ni ya siku tano kwa goti moja. Aliyeitumia tyubu moja kwa mwezi mzima amejipaka ubaridi, hajajipa dawa. Ukipata tyubu ya gramu 100, linganisha bei kwa gramu. Mara nyingi kubwa ndiyo nafuu.

Paka goti lote, mbele, pande mbili na juu kidogo ya pia ya goti, taratibu mpaka inywewe. Usioge wala kunawa sehemu hiyo kwa saa moja. Usiifunike kwa nailoni, usiweke chupa ya maji moto juu yake. Nawa mikono baada ya kupaka, na kama unaenda kukata pilipili au kushika mtoto, nawa tena. Ipe wiki mbili kabla ya kuihukumu.

Soma lebo. Tyubu nyingi zilizopo kwenye maduka ya dawa ya Afrika Mashariki ni mchanganyiko: diklofenaki, mentholi, methili salisilati, mafuta ya kitani. Ubaridi au joto unalosikia linatoka kwa hivyo vingine, wala halionyeshi kwamba diklofenaki imefika. Hakuna ubaya mtu akiipenda hisia hiyo, ila akijua anachonunua. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mjamzito, amwone mfamasia au daktari kwanza. Na jeli haiendi pamoja na vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni bila mtu wa dawa kusema ndiyo. Hapo faida yote ya kupaka inakuwa imepotea.

Soksi ya goti, na brezi ya bawaba

Soksi ya goti inaleta joto na inampa mtu hisia ya mahali goti lake lilipo, na kwa hiyo wengine hutembea kwa kujiamini zaidi wakiivaa. Uzito haihamishi hata kidogo, vyovyote kasha lake litakavyosema. Ukiivua, faida inakwisha. Inunuliwe kwa futi ya fundi cherehani na jedwali la mtengenezaji, kwa sababu S, M na L za kampuni moja si za nyingine, na wengine hupima katikati ya goti, wengine juu yake. Ikiacha mfereji kwenye ngozi, mguu ukiwa wa baridi, ganzi ikaingia au kigimbi kikavimba, ni ndogo. Ikiteremka ukitembea, ni kubwa. Dar es Salaam na Mombasa, ile nzito ya mpira inatunza jasho na baada ya siku chache nyuma ya goti kuna vipele. Ya kufuma ni bora, ziwe mbili, moja inafuliwa. Usilale nayo.

Brezi yenye bawaba za chuma pembeni ni chombo kingine kabisa. Inasukuma mguu kwenye sehemu tatu ili kupunguza mzigo upande uliolika, na inafaa zaidi kwa mtu ambaye upande wa ndani ndio uliokwisha na mguu umeanza kuwa wa matege. Hapa wataalamu hawako pamoja: mwongozo wa Marekani niliokwisha kuutaja unaipendekeza kwa nguvu, wa Uingereza unasema isitolewe ovyo, mpaka goti liwe halina uthabiti na mazoezi yasiwezekane bila hiyo. Hukumu yetu ni kwamba isinunuliwe ikiwa imefungwa kwenye kasha. Paja ni nene juu na jembamba chini, kwa hiyo mikanda huteremka, bawaba zikaacha kuwa mkabala na goti, na kuanzia hapo brezi inachubua tu. Ipimwe na fundi wa vifaa vya viungo. Moshi, pale hospitali ya KCMC, mafundi hao wamekuwa wakifundishwa tangu mwaka 1981 kwenye chuo cha TATCOT, na wahitimu wake wako kwenye karakana za hospitali za nchi nyingi za Afrika. Hata ikikaa vizuri, suruali ya kubana haipiti juu yake na kupiga magoti nayo haiwezekani.

Kiti cha choo

Hiki ndicho kinachobadilisha maisha ya ndani ya nyumba kuliko kingine chochote, na ndicho watu wanachoona haya kukiulizia. Mtu asiyeweza kuchuchumaa huanza kunywa maji kidogo ili asiende chooni, hukataa safari, hukataa kulala ugenini. Mwanawe hajui sababu.

Kwa choo cha kuchuchumaa kinatakiwa kiti cha fremu ya chuma kilichotobolewa katikati, kile kinachouzwa na ndoo yake. Ndoo unaitoa, kiti unakiweka juu ya shimo. Kabla ya kulipa kipime mambo haya. Kwanza tundu la kalio: liwe wazi kwa mbele, umbo la U. Tundu la duara lililofungwa pande zote halimpi mtu nafasi ya kupitisha mkono na kopo ili atawaze, na asiyeweza kutawaza akiwa amekaa atarudi kuchuchumaa, kiti kikawa cha kuanikia nguo. Wauzaji wachache wanalifikiria hilo, kwa sababu viti vingi vimesanifiwa kwa watu wanaojifuta kwa karatasi. Pili, upau wa chini wa mbele. Kama upo, utakaa pale miguu au sinki la choo lilipo. Tatu, miguu minne irekebishwe kila mmoja peke yake, maana sakafu ya choo huteremka kuelekea shimoni na kiti chenye miguu sawa kitayumba. Nne, uzito kinaobeba. Vingi vya bei ya chini ni vya kilo 100, na uzito wa mtu anayejitupa kitini huwa mkubwa kuliko anavyosoma kwenye mzani. Tano, upana wa choo chenyewe, na mlango unakofungukia.

Kero isiyosemwa dukani ni kurusha. Kutoka juu hadi sinki ni zaidi ya sentimita 40, na mkojo hutapakaa miguuni. Tafuta kiti chenye bomba fupi au ndoo isiyo na kitako chini ya tundu. Kama hakipo, fundi anaweza kukata ndoo ya plastiki iliyo imara, akaifunga chini ya kiti ili iwe kama faneli. Kwenye choo cha shimo chenye sakafu ya mbao au udongo, miguu ya kiti isiachwe kusimama peke yake juu ya sakafu hiyo. Inakusanya uzito wote kwenye nukta nne. Weka ubao mnene upitie chini ya miguu miwili miwili, na kama sakafu yenyewe inalegea, itengenezwe kwanza.

Kiti cha plastiki cha kawaida kilichokatwa tundu ni hatari, na tunalisema bila kuzunguka. Ukikikata katikati umeondoa kile kilichokuwa kinaishika miguu isitanuke. Kwenye vigae vyenye maji miguu inafunguka, au inapasuka ghafla, na mtu wa miaka 70 anaanguka juu ya simenti. Kama fedha haitoshi kwa cha chuma, fundi seremala atengeneze cha mbao: kimo kinachotokana na kipimo cha mtumiaji, mikono miwili pembeni ya kusukumia, viunganishi vya skrubu na gundi, mpira chini ya kila mguu, na rangi ya mafuta mara mbili ili kifutike.

Kipimo cha kimo ni hiki: mtu akiwa amekaa na nyayo zimetua, pima kutoka mkunjo wa nyuma ya goti hadi sakafuni, kisha ongeza sentimita 5 hivi. Kwa wengi inatoka kati ya 45 na 50. Kikiwa chini ya hapo, goti linakunjika zaidi ya lilivyo na uwezo, kuinuka kunakuwa mapambano. Kikizidi sana, miguu inaning'inia na damu inabanwa mapajani.

Kwa choo cha kukaa kilicho kifupi kuna kiinuzi cha plastiki cha sentimita 5, 10 au 15 kinachowekwa juu ya sinki. Nunua chenye vibano vya pembeni. Kile kinachokaa kwa uzito wake tu huhama mtu anapoegemea upande mmoja. Vyuma vya kushikia ukutani vifungwe kwenye tofali lililo imara kwa bolti za kutanuka. Chuma cha kutundikia taulo hakikutengenezwa kubeba mtu, nacho ndicho kila mmoja hukishika anapoteleza.

Jikoni, mkekani, njiani

Jikoni mengi hayanunuliwi, yanainuliwa. Jiko la mkaa lipandishwe juu ya meza ya tofali au simenti, mahali penye hewa. Beseni la kufulia liwekwe juu ya stuli. Fagio la chelewa lifungwe mpini mrefu, na deki ipigwe kwa mopa badala ya kitambaa na kiuno. Mbuzi ya kukunia nazi ndiyo ngumu, kwa sababu ubao wake ni wa chini kabisa. Kuna mashine za mkono za kukunia zinazobanwa kwenye ukingo wa meza, na kwa mpishi wa kila siku hiyo ni kifaa cha goti kama mkongojo ulivyo.

Kiti cha kuswalia kinachokunjwa ni kizuri kikiwa na kimo kilekile tulichokieleza na kikiwa hakina magurudumu. Ruhusa ya kuswali umekaa kwa asiyeweza ni ya asili ndani ya dini, kwa hiyo anayejilazimisha kukalia visigino kwa nyuzi 150 hadi goti likavimba, azungumze na imamu wake.

Kwenye gari, kaa kwanza kwa makalio, ndipo uingize miguu yote miwili pamoja. Kutoka ni kinyume. Bajaji ina ngazi ya chini kuliko daladala. Kwa Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yana faida kubwa kwa goti, kwani jukwaa la kituo liko sawa na sakafu ya basi.

Fiziotherapia

Hapa ndipo fedha kubwa inapopotea au kuzaa. Msuli wa mbele ya paja ukinyong'onyea, goti linabaki bila mlinzi, na msuli huo haujengwi na taa ya joto wala mashine ya umeme. Kituo kinachomlaza mgonjwa chini ya taa dakika 20, kikamlipisha, kikampa tarehe nyingine, bila kumfundisha zoezi hata moja, kimempa faraja ya siku hiyo tu. Omba mazoezi. Mpango wa GLA:D, ulioanza Denmark mwaka 2013 na kuenea nchi nyingine, ni vipindi viwili au vitatu vya elimu na mazoezi 12 ya kusimamiwa, mawili kwa wiki kwa wiki sita. Idadi hiyo ni kipimo kizuri cha kumuuliza mtaalamu yeyote: utanifundisha nini, mara ngapi, na tutajuaje imesaidia?

Kujua kumesaidia ni rahisi. Chukua kiti kisicho na mikono, kimo kama sentimita 43, kiegemee ukuta. Kunja mikono kifuani. Inuka na kukaa kwa sekunde 30, mwenzako ahesabu mara ulizosimama wima kabisa. Andika. Rudia baada ya wiki sita. Nyumbani zoezi la kwanza ni hilohilo: kuinuka na kukaa, seti mbili au tatu za mara 8 hadi 12, siku mbili au tatu kwa wiki, ukianzia kiti kirefu au chenye mto na kushuka kimo kadiri nguvu inavyokuja. Maumivu ya hadi 5 kwenye 10 wakati wa zoezi yanavumilika, yakiwa yamerudi kama kawaida ndani ya saa 24. Yakizidi, punguza, usiache. Wengi huacha hapo, wakidhani goti linasagika zaidi, na msuli unazidi kuisha. Na kwa mwenye uzito wa ziada, kila kilo inayopungua huliondolea goti kama kilo nne kwa kila hatua.

Vidonge vya “mafuta ya goti”

Watu wanasema mafuta ya goti yameisha, na msemo huo ndio unaouza glukosamini. Ute wa goti hauishi kama oili ya gari. Katika ugonjwa huu mara nyingi goti hujaa maji zaidi ya kawaida. Miongozo ya Marekani na ya Uingereza yote inasema glukosamini isitumike kwa hili. Fedha hiyo hiyo inalipa mkongojo.

Goti lililovimba likiwa jekundu na la moto pamoja na homa, lililokwama lisinyooke, au lililoshindwa ghafla kubeba uzito, liende hospitali siku hiyo. Hakuna kifaa cha hapa kinachomhusu mgonjwa huyo bado.

Kwa anayetuma kifurushi

Wengi wanaonunua vitu hivi wako Muscat, London au Minneapolis, na goti liko Tanga au Kisumu. Usinunue kabla mtu wa nyumbani hajakutumia vipimo vitatu: kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni akiwa amevaa viatu, kutoka mkunjo wa nyuma ya goti hadi sakafuni akiwa amekaa, na upana wa choo kutoka ukuta hadi ukuta, pamoja na picha ya sinki lenyewe. Uzito wake pia. Kiti cha chuma ni ghali kukisafirisha, kitafutwe hukohuko aliko mzazi. Ndani ya kifurushi tia mkongojo wa kurekebishwa na mipira minne ya akiba ya saizi yake.